SUFURIA INAYONGOJA MELI

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Pengine gazeti hili unalisoma ukiwa barazani, na kutoka uani yakujia harufu ya tui la nazi lililoanza kuchemka. Mama watoto amekwisha kuchagua mchele katika ungo, ametoa chuya na vijiwe, ameuosha na kuutia sufuriani. Watoto nao hawatulii. Kila mara wanauliza kama wali umeiva. Hakuna jambo la kawaida kuliko hilo katika nyumba zetu.

Lakini kama nyumba yako iko Ng'ambo mjini Zanzibar, au Chake Chake, au Wete, yafaa ujiulize jambo moja kabla ya kunawa mikono: wali huu umetoka wapi? Huenda mchele uliomo sufuriani umesafiri mbali kuliko mtu ye yote aliyemo nyumbani humo. Umelimwa Pakistani, India, Thailand au Vietnam. Umevuka Bahari ya Hindi tumboni mwa meli, ukateremshwa bandarini Malindi, ukabebwa na wachukuzi hadi ghalani, na kutoka ghalani hadi dukani. Sokoni watu huuita mapembe, na ndio mchele wa mwenye kipato kidogo kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Sasa tuulize swali la pili, ambalo ni zito zaidi. Je, meli isipokuja?

SWALI LISILO LA MZAHA

Mtu aweza kusema kwamba meli hazijaacha kuja, na kwamba swali hili ni la kutisha watu bure. Hebu tutazame yaliyotokea katika miaka ya karibuni.

Tarehe 20 Julai, 2023, Serikali ya India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe wa kawaida, yaani ule usio wa basmati. India ndiyo nchi inayouza mchele mwingi kuliko nyingine zote, kadiri ya asilimia 40 ya mchele wote unaouzwa baina ya mataifa. Haikufanya hivyo kwa uadui na mtu. Mvua zake zilikuwa za wasiwasi, bei katika masoko yake zilikuwa zikipanda, na Serikali hiyo ikaamua kulisha watu wake kwanza. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwishoni mwa Septemba, 2024. Wala haikuwa mara ya kwanza. India na nchi nyingine zinazouza mchele zilifanya vivyo hivyo katika mwaka 2007 na 2008, na bei ya mchele duniani ikaruka hata kuwafikia akina mama sokoni Darajani, ambao hawakuwa wamesikia habari yo yote ya mkutano wa mawaziri huko New Delhi. Katika Machi, 2020, maradhi ya korona yalipoenea, Vietnam nayo ilisimamisha kwa muda mikataba ya kuuza mchele nje.

Hatuwezi kuzilaumu nchi hizo. Mzazi ye yote mwenye debe moja la unga huwalisha wanawe kabla ya wana wa jirani. Lakini nasi hatuna budi kutambua kwamba kisiwa kinachokula kutoka tumboni mwa meli kimekabidhi ufunguo wa jiko lake kwa watu wengine. Wahenga walikwisha sema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

PEMBA ILIPOKUWA GHALA

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Waarabu waliiita Pemba Jazira ya Kijani, na jina hilo halikuwa la kupamba tu. Katika karne ya 16 na ya 17, wakati Wareno walipoitawala pwani yetu, Pemba ilikuwa ghala la Mombasa. Vyombo vilivuka mkondo vikiwa vimepakia mpunga na mifugo, na walinzi wa ile ngome kubwa ya Mombasa walikula wali uliolimwa katika mabonde ya Pemba.

Kilichogeuza mambo ni karafuu. Mmea huu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said alipoiona faida yake, aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Watumwa walioletwa kutoka bara wakafyeka na kupanda. Kisha, katika Aprili, 1872, kimbunga kikali kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kadiri kubwa, bei ya karafuu ikapanda, na vilima vya Pemba navyo vikajaa mikarafuu. Nguvu za watu zikahama kutoka bondeni kwenda mlimani. Tangu hapo visiwa vikawa vinauza harufu na kununua chakula.

Biashara hiyo ilikuwa nzuri kwa muda wote ambao karafuu ilikuwa na mnunuzi na mchele ulikuwa na muuzaji. Lakini mnunuzi mkubwa wa karafuu alikuwa Indonesia, ambako watu huichanganya na tumbaku katika sigara zao. Indonesia ikapanda mikarafuu yake, na katika miaka ya 1980 ikawa karibu inajitosheleza. Bei ikaanguka, na mkulima wa Pemba aliyekuwa amezoea kubadili gunia la karafuu kwa magunia ya mchele akaona mizani imepinduka. Katika miaka yetu hii, Unguja imepata karafuu mpya, nayo ni utalii. Mwaka 2020 ndege za watalii zilipoacha kutua, mamia ya vijana wa mahotelini walirudi vijijini kwao na kuuliza jembe liko wapi.

MAFUNZO MAWILI YA HISTORIA

Visiwa vimekwisha kuonja mara mbili uchungu wa kukosa mchele, na kila mara kuna fundisho lake.

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siku hizo mchele mwingi ulitoka Burma. Tarehe 8 Machi, 1942, majeshi ya Japani yaliingia Rangoon, na mlango wa ghala hilo ukafungwa. Wakoloni, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamesisitiza karafuu, ghafla wakageuka na kuhimiza mpunga na muhogo. Chakula kikagawiwa kwa kipimo, na mgao ukafuata kabila la mtu, jambo lililoacha chuki mioyoni kwa muda mrefu. Fundisho la hapo ni kwamba bonde halitayarishwi siku njaa inapobisha hodi. Mpunga wahitaji miezi minne au zaidi shambani, nalo tumbo la mtoto halisubiri hata siku mbili.

Mara ya pili ilikuwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Serikali iligawa ardhi kwa wananchi, eka tatu kila jamaa, ikatia nguvu katika kilimo cha mpunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya Mzee Karume, uingizaji wa mchele na vyakula vingine ukapunguzwa sana ili watu wajitegemee kwa jasho lao. Nia ilikuwa njema, kwani hakuna uhuru wa kweli kwa mwenye kuomba chakula. Lakini meli zilipunguzwa kabla ya mabonde kuwa tayari. Wazee wa mjini wangali wanakumbuka foleni za alfajiri na mihogo ya kila siku. Fundisho la hapo ni kwamba amri peke yake haioti shambani. Kujitegemea kunataka maji, mbegu, na bei itakayomfanya mkulima arudi shambani mwaka ujao.

UDONGO NA MAJI

Je, ardhi ipo? Unguja ina kilomita za mraba kama 1,660, na Pemba kama 985. Si eneo kubwa, tena si lote linalofaa. Upande wa mashariki wa Unguja ni uwanda wa mawe, ambako watu wa Makunduchi na jirani zao hupanda mtama, uwele, kunde na choroko katika vishimo vya udongo baina ya miamba. Mpunga hautaki huko. Mpunga wataka kinamo, yaani ule udongo mzito mweusi wa mabondeni, unaoshika maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Mabonde hayo yapo. Unguja kuna Cheju, Kibokwa, Kinyasini, Mtwango, Bumbwisudi na mengineyo. Pemba, ambayo nchi yake ni ya vilima na mabonde madogo madogo, kuna Makwararani na mengine mengi. Sehemu kubwa ya mabonde hayo hulimwa kwa kutegemea mvua. Mkulima hutayarisha shamba wakati wa kiangazi, akapanda masika yanapokaribia, kisha akatazama mbinguni. Mvua ikichelewa majuma mawili, mbegu hufa. Ikiwahi kukatika, suke hutoka tupu. Katika hali hiyo, hekta moja hutoa tani moja ya mpunga au zaidi kidogo.

Penye maji ya uhakika, hekta hiyo hiyo hutoa tani 4 na zaidi, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mpango mkuu wa umwagiliaji wa Zanzibar ulitaja hekta 8,521 zinazofaa kutiwa maji. Kwa miaka mingi zilizokuwa na mifereji hazikufika hata 1,000. Katika miaka ya karibuni kazi imesogea kwa mkopo wa Korea ya Kusini, na majaruba yamechongwa upya katika mabonde kadhaa, Cheju na Kibokwa yakiwa miongoni mwao.

Mbegu nazo zimeshughulikiwa. Watafiti wa Kizimbani walipeleka mbegu za Supa, mpunga tuupendao kwa harufu yake, katika maabara ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huko Seibersdorf, Austria. Huko zilipigwa mionzi ya gama ili zizae aina mpya. Baada ya misimu mingi ya kupanda na kuchagua, ikapatikana Supa BC, yenye mazao mengi zaidi. Msomaji asiingiwe na hofu. Mionzi hiyo hupita katika mbegu ya kwanza tu, na wala haibaki katika wali wa sahanini.

Hata hivyo, maji ya Unguja kwa kadiri kubwa hayatiririki kutoka mtoni. Yako chini ya ardhi na huvutwa kwa pampu, na pampu huendeshwa kwa umeme unaopita katika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Watu wa Unguja hawajasahau kwamba waya huo uliharibika katika Mei, 2008, wakakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Ukaharibika tena Desemba, 2009, na giza likadumu hadi Machi, 2010. Kwa hiyo visima vya mabondeni vyahitaji pia pampu za jua na mabwawa ya kukinga mvua. Vinginevyo tutakuwa tumeacha kutegemea meli na kuanza kutegemea waya.

HESABU YA MIEZI MITATU

Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji, tufanye hesabu pamoja.

Tuseme nyumba ina watu sita, na kila mmoja anakula robo kilo ya mchele kwa siku. Nyumba hiyo yatumia kilo moja na nusu kwa siku, karibu kilo 550 kwa mwaka. Mpunga ukikobolewa hutoa mchele wa kadiri ya theluthi mbili ya uzito wake, basi yahitajika kilo kama 830 za mpunga. Katika bonde la mvua, nyumba hiyo yataka karibu eka mbili. Katika jaruba lenye maji mwaka mzima, robo eka yatosha. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mkulima mwenye mfereji na mkulima mwenye kutazama mawingu.

Je, visiwa vyote? Tuseme hekta zote 8,500 zimepata maji na zinavunwa mara mbili. Zitatoa tani 68,000 za mpunga, yaani tani 45,000 za mchele. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Gawanya mchele huo kwa watu hao, na kila mmoja atapata kilo 24 kwa mwaka. Kwa robo kilo kwa siku, ni chakula cha miezi mitatu na siku chache.

Msomaji mmoja atasema, basi kazi bure. Kama juhudi zote hizo hutoa miezi mitatu tu, tuendelee kununua. Mwandishi wa makala haya anafikiri kinyume. Ni kweli kwamba Zanzibar, kwa watu wake wa leo na kwa mapenzi yake ya wali asubuhi na jioni, haiwezi kufunga bandari, na anayeahidi hivyo anawahadaa watu. Lakini miezi mitatu si kitu kidogo. Bei inaporuka au nchi inapofunga mauzo, ni majuma ya kwanza ndiyo yanayoua. Ndipo mwenye duka anapoficha magunia na mwenye mshahara mdogo anapoanza kupunguza sahani za watoto. Mwenye akiba ya miezi mitatu hapigi kelele sokoni. Anao muda wa kuagiza mahali pengine, wa kuleta mchele wa Mbeya na Shinyanga kutoka bara, wa kuuacha muhogo ukomae. Anao muda wa kujadiliana bei bila kupiga magoti.

Basi shabaha yetu na iwe hiyo: kuwa na chetu mkononi kiasi cha kutuvusha siku mbaya.

JASHO LA AKINA MAMA

Ukipita bondeni wakati wa palizi utaona jambo moja mara moja: walioinama ni wanawake. Wao ndio wapandao, ndio wapaliliao, na nafaka inapoanza kukomaa ndio wanaoamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi, wakipiga kelele na madebe, mara nyingi pamoja na watoto wao. Wengi huvuna kwa kisu kidogo, suke kwa suke, kisha hupura, hupeta na kuanika. Wakimaliza hayo, nyumbani kunawangoja maji, kuni na mapishi.

Halafu mchele wao hufika sokoni na kukutana na mapembe ya bei nafuu, yaliyolimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine katika nchi zenye mito mikubwa. Mjini twaupenda mchele wao kwa utamu, tena twausifu, lakini mkono huenda kwenye gunia la bei ndogo. Si haki kumlaumu mwenye kipato kidogo. Lakini si haki pia kumtaka mama huyo aendelee kuinama kwa ajili ya usalama wa taifa huku taifa likimlipa kwa sifa tu. Mashine za kupandikiza na kuvuna zimfikie kwa wakati. Mbolea isifike baada ya palizi. Ghala la akiba linunue mpunga wake mara tu baada ya mavuno, kabla hajalazimika kuuuza kwa bei ya kutupa ili alipe ada za shule. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Asipopata faida huyo mmoja, hao wengi watakula nini?

Juu ya hayo kuna maadui wawili wanaoyanyemelea mabonde. Wa kwanza ni bahari. Katika baadhi ya mabonde ya Pemba, maji ya chumvi yamepanda na kuingia mashambani, na penye chumvi mpunga hauoti. Matuta ya kuzuia maji na mikoko iliyotunzwa ndizo ngao zetu. Adui wa pili ni sisi wenyewe. Tazama jinsi mji ulivyopanuka kuelekea Fuoni na kwingineko, nyumba juu ya nyumba. Udongo wa kinamo umejengeka kwa maelfu ya miaka. Ukifunikwa kwa saruji, umekwisha.

SISI WA MJINI TUFANYE NINI?

Wewe ni mfanyakazi wa bandari, karani, mwalimu, dereva au muuguzi. Hulimi, na pengine huna hata uwanja wa kupanda mchicha. Hata hivyo yako mambo yaliyo katika uwezo wako.

Kwanza, wakati wa mavuno ya Juni na Julai, nunua mpunga au mchele wa visiwani, walau pishi chache. Fanyeni pamoja na majirani au wenzako kazini, mpate gunia zima kwa bei ya shambani. Weka sehemu yake pakavu iwe akiba ya nyumba. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, tusiufanye wali kuwa ndicho chakula pekee. Bibi zetu walipika shelisheli, ndizi, majimbi, muhogo wa nazi na uji wa mtama, na wala hawakujiona wanyonge. Siku mbili kwa juma bila wali si adhabu, tena ni siku mbili zilizoongezwa katika ile miezi mitatu.

Tatu, ukitafuta kiwanja, uliza kwanza pale palikuwa nini. Ukiambiwa palikuwa bonde la mpunga, ondoka. Mvua za masika zitakuunga mkono, kwani maji hayasahau njia yake.

Nne, wachukue watoto, siku moja tu, mkatazame mpunga ukiwa shambani. Mtoto aliyemwona mama wa watu akiamia ndege juani hatamwaga wali chini.

Nawe msomaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, usiyaweke makala haya kando ukisema ni habari za watu wa visiwani. Mji wo wote ni kisiwa kwa namna yake, kwani haulimi na hula kutoka mbali. Bara ina bahati ya kuwa na mabonde makubwa ya Kilombero na Usangu, nayo yaweza kuwa ghala la ndugu zetu wa ng'ambo ya mkondo. Lakini nayo yataka maji, mbegu, barabara na bei ya haki, kama vile yatakavyo yale ya Cheju na Makwararani.

Sasa wali umeiva, watoto wanaita. Nenda ukale, ndugu msomaji. Lakini kesho utakapokwenda dukani, kabla ya kutaja idadi ya kilo, mwulize mwenye duka: mchele huu ni wa wapi? Na kama hana wa kwetu, mwulize ni lini atauleta.